Mchicha wa Kizimba cha Pili

Uchunguzi Kuhusu Kukosekana kwa Tofauti Baina ya Kizimba cha Kwanza na Kizimba cha Pili: hilo ndilo jina kamili la shauri lililomkosesha raha marehemu mama yetu, na ameagiza tuanze nalo, maana kuzaliwa, alisema, kila mtu huzaliwa.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, kitinda mimba wa fundi saa, katika chumba cha nyuma ya karakana, akasoma shule ya msingi mtaa wa pili na sekondari ya wasichana ng'ambo ya reli, ambako walimu walimwita Kiherehere, kwa kuwa hakuweza kukaa akangoja kengele. Mwaka 1974 aliajiriwa katika maabara ya macho, na tarehe 9 Agosti 1976 akafunga ndoa na baba yetu, fundi cherehani mwenye duka mkabala na geti la maabara, wakajaliwa watoto watatu, ambao tumekua tukimezeshwa mboga za majani kama dawa ya minyoo.

Baba alipoanza kulalamika kwamba tundu la sindano linamkimbia, mama hakutulia tena. Alitaka kujua kama chakula huvipa nguvu vimeng'enya vinavyolinda lenzi ya jicho isichakae, kwa hiyo panya wa kizimba cha kwanza akawalisha mchicha, wa kizimba cha pili unga mtupu, na kila mchana akamwita baba wale mchicha pamoja kando ya vizimba, akimsihi kwamba macho hayauzwi dukani, naye baba akijibu kwamba yeye si mbuzi. Hata hivyo, mama aliporudi kutoka kunawa mikono, sahani ya mzee ilikuwa nyeupe pee. Lakini vipimo vya vizimba vyote viwili vilitoka sawasawa, mwaka nenda mwaka rudi, mama akibadili unga, akigombana na mizani, akizunguka sebuleni mpaka zulia likafanya njia, hadi kamati ya uchunguzi ya watu saba, ikiwa imeshiba chai, ikaamua kwamba mizani ni mbovu na mwenye kosa ni mwenye kuitumia.

Kesho yake, ndani ya kizimba cha pili, alikuta mabua ya mchicha yamefungwa kwa uzi wa bluu wa kushonea, kwa fundo analolijua. Akayatoa, akanawa, akatia saini kukubali kosa, akahamishia chakula cha mchana dukani kwa baba, akaanza upya na panya wapya, na safari hii tofauti ikaonekana, ingawa cheo alichokuwa akikingojea kilikuwa kimeshapata mtu. Baba alipopasuliwa mtoto wa jicho, mwaka 1999, mama ndiye aliyemtungia sindano mpaka bandeji ikafunguliwa.

Moyo ulianza kumsumbua Januari, akafariki tarehe 12 Juni 2023, akiwa ametoka kumuuliza muuguzi kwa nini wodi nzima imepewa viazi vitupu.

Tunawashukuru madaktari waliomvumilia, majirani waliotuachia viti na masufuria, wafanyakazi wenzake, pamoja na wajumbe wa kamati walio hai. Baba, mama alituagiza tukwambie usihangaike, alijua tangu alipouona uzi. Nawe mama, lala, utulie sasa. Mizani ilikuwa nzima; baba alikuwa akiwapa panya mchicha wake.