Durian za Wiki Mbili

Basi la kwenda mji wa Ipoh halijaondoka vizuri, Norhaliza, karani wa zahanati, akamdaka mkono Suhaila, mama asiyemjua aliyekaa naye kiti kimoja. "Dada, nimepona! Sisi waajiriwa mwisho wa kupeleka ritani za kodi ulikuwa Aprili, nami nikasahau. Kumbe wenye biashara wana mpaka Juni!"

"Wewe na biashara wapi na wapi?"

"Mwaka jana niliuza matunda ya durian wiki mbili, mlangoni kwetu."

Suhaila akamkagua kuanzia ushungi hadi viatu. "Uliuza au ulikula?"

"Nilikula nyingi. Hiyo hasara nayo naiandika!"

"Watakuja kukagua tumbo, shauri yako."

Baadaye basi likapunguza mwendo karibu na kituo cha kushukia. Norhaliza akasimama, kidevu juu kama tajiri. "Dereva, simama! Mfanyabiashara anashuka!"