Koti Lenye Bidii

Kifuniko cha birika kililia gizani nikijiandaa kwenda kazini, binti yangu akaamka na kukataa kubaki nyumbani, basi tukapanda wote basi la alfajiri. Mbele yetu walikaa wanawake wawili wa ofisi moja.

“Leo namwambia bosi natoka saa kumi na moja jioni,” alisema yule mdogo. “Mwanangu namwacha kalala, namkuta kalala.”

“Mdogo wangu, atakwambia ofisi ni familia, hatoki mtu kabla ya baba. Wewe acha koti kitini, adhani bado upo, utoroke. La mhasibu wetu lilisifiwa kikaoni kwa bidii.”

Nililionea wivu. Mimi sijawahi kusifiwa kikaoni.

Basi liliposimama, yule mdogo alikuwa bado anajizoeza: “Samahani bosi, nilikuwa naomba, kama itawezekana…”

Binti yangu akamgusa bega. “Mwambie tu kwamba mtoto anakusubiri.”