Kisu cha Kwenye Nyasi za Paa

Pale Izia, barabara ya vumbi inapokata kona kuelekea mashine ya kusaga, kuna gogo la mkaratusi lililochongwa juu likawa benchi. Mbele yake liko jiko la mkaa la Coleta, na juu ya jiko birika la kahawa ya tangawizi. Asubuhi za Julai upepo wa Ufipa haumwonei mtu haya, hivyo watu hukaa wamejikunyata ndani ya makoti, vikombe wamevikumbatia kwa viganja. Vijiwe vingine huanza na siasa, vingine na mpira. Hiki, siku ya Jumamosi, huanza na visu, kwa kuwa Jumamosi ndipo anapokuja Mzee Zenon, mkusanya visu, ambaye wote humwita Mzee Ala. Anavyo arobaini na kimoja, amevitundika ukutani sebuleni, na hakuna hata kimoja kilichokata kitu tangu kiingie mlangoni kwake.

— Shikamoo, Mzee Ala, alisema Fabiani, dereva wa bodaboda waliyembatiza Kasi kwa sababu huendesha polepole kuliko wenzake wote. Tupe taarifa ya habari.

— Marahaba. Habari ni nyingi. Kundi letu la simu la wakusanya visu sasa lina watu sitini. Jamaa wa Kipili ametuma picha ya kisu cha kuparia samaki, mpini umesukwa kwa uzi wa nyavu. Halafu tumekubaliana kwamba kuanzia sasa kila kisu kipigwe picha kando ya kiberiti, mtu asije akatudanganya ukubwa.

— Na kunoa je? aliuliza Kashinje, mfugaji wa Pito anayeitwa Mahakama, maana kila ubishi huutolea hukumu. Bado ni dhambi?

— Kisu cha kukusanya hakinolewi. Ukikinoa umeifuta historia yake.

— Kwa hiyo kwako mbuzi akichinjwa, lazima mje kuazima kwangu.

— Ndiyo maana tunakuvumilia, Kashinje.

Walicheka. Coleta naye alicheka, akampandisha mtoto vizuri mgongoni, akaendelea kumimina. Mzee Zenon akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kitu kilichofungwa kwenye gazeti, akakifungua taratibu.

— Hiki hamjawahi kukiona.

Kilikuwa kisu chembamba, tumbo lake limeingia ndani kama mwezi mchanga. Mpini ulikuwa umezungushiwa ukanda wa mpira wa baiskeli na kufungwa fundo dogo la pembeni. Coleta alilitazama lile fundo, birika likabaki hewani. Alikuwa amelifunga yeye mwenyewe.

Ilikuwa mwaka jana, wiki alizolala ndani baada ya kujifungua. Mke wa Mzee Zenon, Mama Timoth, alikuja kila asubuhi na kisu hicho, akamkatia mboga, akampikia uji, akaondoka kabla hajashukuriwa. Mpini ulipolegea, Coleta aliuzungushia mpira akiwa kitandani, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kumlipa.

— Nimekipata Jumatatu, alisema Mzee Zenon. Nilipanda kuziba paa la jiko la nje, nikakikuta kimechomekwa kwenye nyasi. Jiko lile alilijenga babu yangu. Mtu hafichi kisu kwenye paa bure.

— Tumbo hilo ni la shingo ya dume, alisema Kashinje. Linaenea barabara. Pigo moja tu.

— Mifugo, mifugo, kila kitu kwako mifugo, alisema Fabiani. Hicho ni cha vita. Mkuki ukija unaudaka kwenye mbonyeo, unauzungusha, adui anabaki mikono mitupu.

— Kina mpira wa baiskeli, Kasi. Vita gani hiyo?

— Vita ya watu wenye baiskeli.

— Msibishane, alisema Mzee Zenon. Calvin wa Mbeya, wa kundi letu, ameona picha. Anasema ni kisu cha mtemi, cha kugawia ardhi. Unakisimamisha kwenye udongo, kivuli cha tumbo kinaonyesha mpaka. Ananipa kisu cha kukunja chenye mpini wa pembe tubadilishane. Basi linaondoka saa nne. Fabiani, utakifikisha stendi.

Fabiani alitazama simu. Saa tatu na nusu.

— Babu, alisema Coleta, umemwonyesha Mama Timoth?

— Mama Timoth ana mambo yake ya jikoni, mjukuu wangu. Asubuhi ameniuliza habari za kisu, nikamwambia vyangu vyote viko ukutani.

Mzee huyu ndiye aliyewahi kumwachia Coleta gunia la mkaa mlangoni mvua ilipolowesha la kwake, kisha akadai kwamba si yeye. Coleta hakuwa tayari kumvua nguo mbele ya Mahakama. Akakijaza kikombe cha Fabiani.

— Kunywa, kaka. Cha bure.

— Cha bure? Hiki ni cha tatu.

— Baridi kali.

Kahawa ilikuwa ya moto mno, na Fabiani si mtu wa kuacha cha bure. Alikuwa bado anapuliza pale Mama Timoth alipotokea kwenye kona na ungo wa majani ya maboga.

— Hamjambo hapa. Coleta, mwanangu, niazime kisu. Changu kimepotea tangu Jumatatu, mboga nachana kwa mikono kama mbuzi.

— Mama, alisema Kashinje, na vile arobaini na kimoja?

— Vile ni vya kutazama, baba. Nataka kile changu nilichoolewa nacho. Nimekinoa mpaka kimelika tumbo. Na huwa nakichomeka palepale kwenye nyasi za paa, watoto wasikifikie.

Fabiani aliacha kupuliza. Kashinje alichungulia ndani ya kikombe chake kana kwamba hukumu imezama humo. Mzee Zenon alikuwa ameshakifunika kisu kwa gazeti.

— Mama, mbona kiko hapa, alisema Coleta. Babu alikileta akinoe kwenye kinoo changu.

Uongo huo angeutubu kesho kanisani. Mama Timoth alikitoa kisu kwenye gazeti, akapitisha kidole gumba kwenye makali. Akamtazama Coleta, kisha mumewe, kisha Coleta tena.

— Mbona bado ni butu?

Mzee Zenon alisimama. Alikichukua kisu mkononi mwa mkewe, akachuchumaa kwenye kinoo cha Coleta kando ya jiko, akakimwagia maji. Alikiburuta vibaya mara mbili. Mara ya tatu lile tumbo likalala juu ya jiwe lenyewe, kama linajua njia.

— Huwa unaanza upande gani?

— Huohuo.

— Miaka yote hii?

— Tangu kabla ya Timoth.

Simu iliita ndani ya koti. Akaiacha iite.

Mama Timoth alikaa kwenye gogo, mahali pa mumewe, ambapo hakuwahi kukaa. Coleta aliliinamisha birika mpaka likatoa tone la mwisho, akampa kikombe kwa mikono miwili.

— Na safari yangu ya stendi? aliuliza Fabiani.

Mzee Zenon aliendelea kunoa.

— Basi niongeze kahawa.

— Imekwisha, alisema Coleta.

— Polepole hapo kwenye ncha, Baba Timoth, alisema Mama Timoth, akinywa. Ukimaliza hicho, nyumbani viko vingine arobaini na kimoja.