Moto Juu ya Maji ya Mukeshimana

Mucyo, zima redio. Habari za vita zitakuwapo kesho, mimi huenda nisiwepo. Shami, nipandishie mto, kisha keti. Nisikilizeni, wanangu, maana pumzi iliyobaki nataka iishie kwenye neno la maana.

Nyumba hii ya Biryogo ni yenu wawili, msiitenganishe kwa ukuta. Lakini shamba la marehemu mama yenu Mukeshimana, kule ukingoni mwa msitu, lenye chemchemi, hilo ndilo linalonizuia kufumba macho. Kusikia si kuona, nami niliona. Mwaka ule kabla ya vita, wageni walileta mtambo msituni kutafuta gesi, wakaitoboa ardhi hadi vilindini, na haukupita muda chemchemi yetu ikaanza kutokota bila moto. Ukitia mkono, maji ni baridi kama umande. Ng'ombe walinusa, wakageuka. Mama yenu akapita na kijinga cha moto alichoomba kwa jirani, akainama atazame, na maji yakawaka. Mwali wa buluu ulitembea juu yake taratibu, bila moshi, na chini niliona kokoto zimetulia kama siku zote. Nilipiga magoti, wanangu. Nilijua tunakanyaga paa la nyumba ambayo mwenyewe hatumwoni.

Mkuu wa wale wageni alisema maji hayana neno. Mama yenu akachota kikombe, akampa kwa mikono miwili: "Karibu, mgeni wangu, anza wewe." Akakitazama, akatutazama, akarudi garini.

Sasa mjomba wenu Eustache. Kwa ajili ya mpaka wa shamba hilo hatukusalimiana miaka na miaka. Chemchemi yake iko juu mlimani, haikuharibika. Yeye ndiye aliyeung'oa ua wake kwa mikono yake, akaniambia, "Shemeji, ugomvi ni wetu sisi, watu wana kiu. Choteni." Kijiji kizima kilinywa kwake. Moto juu ya maji ulinishangaza. Ule ua uliolala chini ulinishangaza zaidi. Akufaaye kwa dhiki ndiye ndugu.

Basi shikeni haya. Yule bwana wa mtaa wa Kacyiru anayetaka kulinunua shamba, akisema wageni watarudi amani ikirudi, mwambieni haliuzwi. Chemchemi yetu izungushieni miiba, asinywe mtu wala mnyama, hata ikionekana safi namna gani. Mimi nizikeni hapahapa Kigali, msikawie.

Eustache amefika, namsikia akikohoa barazani. Mwiteni... Karibu, shemeji. Hapana, kaa kitandani hapa. Wanangu, mtakwenda naye shambani. Popote atakapochomeka jiti, hapo ndipo mpaka. Msipime. Msibishe.

Mungu awaweke pamoja, awape uzao wenye afya, awaepushe na... haya yanayokuja. Nipe mkono, Eustache. Itikieni amina nyinyi... mimi pumzi...