Mikono Yenye Unga

Mgeni rasmi, karibu katika chumba chetu cha kuokea mikate. Joto unalolisikia ni la tanuri, si la hasira, ingawa hasira nayo ipo kidogo.

TULIKOTOKA
Tulianza kwa aibu. Vijana wa mtaa walikuwa wakilala alfajiri na kuamka adhuhuri, macho mekundu, simu mkononi. Mwokaji wetu, mgane asiye na wa kugombana naye nyumbani, akawakusanya akawahubiria ubaya wa simu. Wakamrekodi! Jioni mtaa mzima ulikuwa ukimtazama, kwenye simu zile zile. Walicheka wote isipokuwa yeye.

Kesho yake akamkamata aliyemrekodi, kijana tunayemwita Chaja kwa kuwa habanduki kwenye soketi.

"Wewe mtengeneza sinema, njoo ukande unga."

"Sasa mzee, nikikanda, simu nitaishika na nini?"

"Ehee! Umeanza kuelewa."

Tangu hapo hatumnyang'anyi mtu simu. Tunampa kazi ya mikono miwili, basi.

MAFANIKIO
Chaja sasa analala mapema, na asubuhi wanakimbia na wenzake kupeleka mikate. Bibi yake anasema, "Nilikuwa namjua kwa utosi tu. Kumbe mjukuu wangu ana macho ya babu yake!" Mwokaji naye anaimba akiwasha tanuri, jambo ambalo hatukulisikia tangu amzike mkewe. Anaimba vibaya, lakini tunavumilia.

CHANGAMOTO
Chumba hakitoshi. Anayebaki nje mlangoni anatoa simu, na hapo tumeshampoteza. Ng'ambo ya barabara upo ukumbi wa umma, mkubwa, una kufuli, unalaza popo. Tukienda ofisini kwenu, mwenye ufunguo yuko kikaoni. Kikao hicho kimedumu kuliko ndoa za wengine wetu. Wakubwa mnasema vijana wameharibika. Mlango mmeufunga nyinyi.

OMBI
Ahadi tunazo za kutosha. Tunaomba ufunguo, leo. Pale mezani kuna donge linakusubiri, mgeni rasmi. Kunja mikono ya shati ukande nasi; simu yako ataishika Chaja, na ameapa hatarekodi. Wakati huo afisa wako akimbie ofisini akaulete ufunguo. Ufunguo ukifika, tutakunawisha mikono kwa vigelegele. Usipofika, endelea tu kukanda. Unga upo mwingi.

Mungu akujalie afya na usingizi mnono.

Ni sisi wako,
Kikundi cha Mikono Miwili