Chupa Zilizo Mbele ya Jeneza

Siku ile Baba alipofariki, Jumapili tarehe 2 Juni 2024, saa nne asubuhi, kando ya kitanda walikuwepo mama mkwe wangu, wifi yangu mkubwa, muuguzi wa zamu, na mimi, mwanangu akiwa mgongoni. Baba Mkubwa, kaka wa pekee wa marehemu, hakuwepo, ingawa leo ameketi mstari wa mbele.

Marehemu baba mkwe wangu, ambaye wengi mlimwita Kivuli, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, akasoma hadi darasa la saba, mwaka 1970 akaajiriwa kwenye josho, akaogesha ng'ombe wa watu miaka thelathini na tatu, mwaka 1978 akamuoa Mama, wakajaliwa watoto watatu, wa mwisho ndiye mume wangu.

Mwaka 1998 baba yao aliwagawia Baba na kaka yake malisho nusu kwa nusu, Baba akaiacha migunga yake isimame, Baba Mkubwa akaikata yake yote, akasema mbele za watu, "Tangu lini ng'ombe akala kivuli?" na jina likaanzia hapo. Miaka mitano baadaye, kiangazi, nyasi zilibaki kwa Baba tu, basi Baba Mkubwa akadai amepunjwa, mdogo wake kapewa udongo mweusi, akaitisha kikao cha ukoo, na tarehe 9 Agosti 2003 wakabadilishana. Mchagua jembe si mkulima. Wiki ileile Baba Mkubwa aliiangusha migunga arobaini ya Baba, akachoma mkaa.

Baba alipanda mipya kwenye ardhi ngumu kama sakafu, akaizungushia miiba, na kila tarehe 9 Agosti alichimba shimo la kina cha kiganja chini ya mti uleule, akajaza chupa ya jamu, akaandika mwaka. Ziko hapa mezani, ishirini na moja, ya kwanza ina udongo mwekundu kama tofali, ya mwisho mweusi, wenye harufu ya mvua, na weusi huo ni majani yaliyooza, mizizi, na samadi ya ng'ombe waliolala kivulini, haukuja na urithi. Ile ya pembeni, nyekundu, nimeijaza jana upande wako, Baba Mkubwa.

Baba aliugua figo tangu Novemba 2022, akalazwa tarehe 20 Mei mwaka huu, na Baba Mkubwa alifika wodini mara moja, hakuuliza hali, aliuliza watabadilishana tena lini. Baba alimjibu taratibu, "Kaka, nitakupa mbegu za migunga," akamwagiza Mama azifungashe. Juzi, maiti ikiwa bado mochwari, watu wako, Baba Mkubwa, walikuja kuyapima malisho yetu kwa kamba. Mama hatatia sahihi ya kubadilishana tena.

Tunamshukuru daktari, muuguzi aliyemkanda Baba miguu kwa maji ya moto bila kuombwa, jirani aliyetukamulia ng'ombe siku zote kumi na nne za hospitali, na wenzake Baba wa josho waliochimba kaburi.

Lala, Baba, umechoka, pumzika.

Leo asubuhi ng'ombe wametoka kama kawaida, na mfuko wako wa mbegu, Baba Mkubwa, ungali nyuma ya mlango.