Dole Gumba la Mzee Omagor

Benchi letu liko Malaba, upande wa Kenya, mbele ya duka la Paulinus mshonaji, na kahawa ni ya Jamiru. Mimi ni seremala, wananiita Randa. Mwaka huo wa sitini na sita tulikuwa na habari moja tu mdomoni. Mzee Omagor alikufa bila mtoto, akaacha wosia: kinu cha kusaga unga na nyumba ni vya mke wake, Zilpa. Ndugu yake Echodu akavuka mpaka kutoka Tororo, Uganda, akisema hiyo karatasi ni ya uongo. Kesi ilikuwa Alhamisi, Kisumu. Jaji akiikataa, Zilpa anafungasha vyombo vyake, basi. Mimi sipendi uongo, na jioni moja kabla ya kesi niliwaangalia wenzangu wote wa benchini kwa jicho baya.

— Mimi hiyo karatasi siiamini, akaanza Kastamu, aliyewahi kufagia ofisi ya forodha na tangu hapo anajua kila muhuri duniani. Omagor alijua kuandika jina lake. Sasa dole gumba la nini?

— Mkono ulikuwa umevimba, nikamwambia. Angeshikaje kalamu?

— Mkono umevimba, dole likabaki zima?

— Wewe una maneno!

— Uliza nani aliosha maiti, Jamiru akasema, akinimiminia kahawa. Wanawake. Wakiwa peke yao, mlango umefungwa. Maiti hakatai wino.

— Shetani ashindwe! akasema Paulinus.

— Au basi hakufa, akasema Kastamu. Yuko Mbale anakula matoke, anangoja kuona nani atamlilia.

— Kastamu, jeneza nilitengeneza mimi!

— Ulitengeneza jeneza. Ulifunika wewe?

Kweli, sikufunika mimi.

— Unaona! Na huyo karani Muzafaru aliyepiga wosia taipureta, barua za Echodu anaandika nani? Muzafaru huyohuyo. Anakula huku na huku. Mimi naona dole ni lake.

— Dole la Muzafaru ni jembamba, Jamiru akasema.

— Umelipima?

Tukacheka, lakini kicheko kibaya. Halafu Kastamu akashusha sauti.

— Haya yote si kitu. Sheria inataka mashahidi wawili, wamwone mzee kwa macho yao akiweka dole. Wakisimama kortini waape, Echodu amekwisha. Ni akina nani?

Paulinus akainamia kikombe chake. Mimi nikajifanya natafuta kiberiti.

Haki ya Mungu, mashahidi ni sisi. Mimi na Paulinus. Muzafaru alituletea karatasi hapahapa benchini, dole limeshawekwa, wino umekauka. Akasema mzee amechoka, amelala, msimsumbue, si nyinyi ni marafiki zake? Paulinus akatia sahihi juu ya goti, nami nikafuata, tukaendelea kubishana juu ya mpira. Na Omagor mwenyewe alikuwa ameniambia, wiki hiyohiyo, kwamba kinu ni cha Zilpa. Nilijua ni kweli. Kwenda kumwona akiweka dole ndiko kulikotushinda, nyumba hatua mia mbili!

— Mbona mmenyamaza? akauliza Kastamu. Macho yake yakaanza kutembea, kwangu, kwa Paulinus, kwangu tena.

Hapo ndipo Zilpa akatokea, kavaa nguo nyeusi, na kikapu cha ndizi za kuchemsha.

— Hamjambo, shemeji zangu. Hizi ni za kula njiani Alhamisi. Mungu awabariki, bila nyinyi wawili mimi ningekuwa wapi?

— Kumbe! akasema Kastamu.

— Ni wajibu, mama, Paulinus akasema.

— Loya wangu ameniambia niwaulize kitu kabla yule wa Echodu hajawababaisha. Mimi siku hiyo nilikuwa kinuni, sijui. Mzee alipoweka dole, nyinyi mlikaa upande gani wa kitanda?

Paulinus akaniangalia. Mimi nikamwangalia Jamiru, kana kwamba Jamiru alikuwepo.

— Wa mlangoni au wa dirishani? Ni hivyo tu, Randa.

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Zilpa akatutazama mmoja mmoja, akaweka kikapu chini, akakaa kwenye benchi katikati yetu, akangoja tumjibu.